Lifti Ikizimwa, Nani Atampandisha Mzee?

Kaskazi ikishika, meli za kitalii huanza kubisha hodi Kilindini, bandari ya Mombasa. Ngoma hupigwa gatini, madereva wa magari ya utalii hupanga foleni tangu alfajiri, wauza vinyago hukumbuka Kijerumani chao. Ukiwatazama wageni wakishuka, hukosi kuona kwamba wengi wao ni wastaafu, na miongoni mwao wapo walioketi kwenye viti vya magurudumu au kwenye zile skuta za umeme zenye kikapu mbele. Si ajabu. Kwa mtu asiyeweza kutembea, safari ya namna hii ni ya nadra: kitanda chake, choo chake chenye vyuma vya kujishikilia na meza yake ya chakula vinamfuata kutoka bandari hadi bandari, wala halazimiki kufungasha na kufungua mizigo kila uchao.

Raha hiyo ina sharti lake. Kabla meli haijaondoka, abiria wapya hupitia zoezi la usalama: honi fupi saba na moja ndefu, mahali pa kukusanyika, namna ya kuvaa jaketi la kuokoa maisha. Hoja yangu ni kwamba zoezi hilo, jinsi linavyofanywa kwa abiria wa viti vya magurudumu na skuta, linapima kitu ambacho siku ya ajali hakitakuwa na uzito wowote. Linapima kama abiria amefika. Halipimi amefikaje. Na kwa kuwa vijana wa pwani yetu siku hizi wanaajiriwa kwenye meli hizo, na wakaguzi wetu wana mamlaka ya kuzipanda na kuzihoji, haya si ya wageni peke yao.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo watetezi wa utaratibu uliopo hukimbilia kwanza. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ulizaliwa mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, na toleo linalotumika leo ni la 1974 lenye viraka vingi. Kwa miaka mingi meli iliruhusiwa kufanya zoezi la abiria wakati wowote ndani ya saa 24 tangu wapande. Usiku wa Januari 13, 2012 meli ya Costa Concordia ikagonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Watu 32 walikufa. Mamia ya abiria waliopanda jioni hiyohiyo katika bandari ya Civitavecchia walikuwa bado hawajafanya zoezi. Hapo ndipo sheria ikabadilishwa, na tangu Januari 1, 2015 zoezi sharti lifanywe kabla ya kung'oa nanga au mara tu meli inapoondoka.

Mkataba huohuo unataka abiria waliojieleza kwamba watahitaji kusaidiwa wakati wa dharura waandikwe, na orodha yao imfikie nahodha kabla ya safari. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilitoa pia mapendekezo mwaka 1996 kuhusu namna meli za abiria zinavyofaa kuundwa na kuendeshwa kwa kuwazingatia wazee na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo karatasi zipo, na si haba. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Huyu wa kiti cha magurudumu yupo, jina lake limeandikwa, namba ya chumba chake inajulikana, na bado lake halipo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumbeba hata hatua kumi ili ajue kazi ilivyo.

Chukua mama wa miaka sabini na tano ambaye chumba chake kiko sitaha ya tatu na boti za kuokolea ziko sitaha ya saba. Siku ya zoezi anatoka chumbani na skuta yake, anaingia kwenye lifti, anapanda hadi ukumbini. Baharia anamkaribisha kwa tabasamu, kadi yake inapitishwa kwenye kimashine, kimashine kinalia ti!, na kwenye kompyuta jina lake linageuka rangi. Amehesabiwa. Anarudi kwa lifti ileile kwenda kunywa chai. Kwa upande wa sheria kila kitu kimekwenda sawa.

Sasa washa moto wa kweli kwenye chumba cha mitambo saa nane usiku. Abiria huagizwa kwamba lifti zisitumike. Milango ya kuzuia moto imefungwa kutoka chumba cha nahodha. Inafunguka kwa mkono, ila ni mizito, na aliyeketi hawezi kuusukuma mlango huku anasukuma magurudumu. Ngazini watu wanamiminika na majaketi yao, wengine na watoto mgongoni. Yule mama yuko sitaha ya tatu. Skuta yake haina kazi tena, ni chuma kilichosimama kwenye njia.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wa nchi kavu hulisahau. Kwenye jengo la ghorofa, dharura maana yake ni kushuka. Viti vya uokoaji, vile vyepesi vyenye mikanda inayoteleza juu ya kingo za ngazi, vingi vimebuniwa kwa ajili hiyo: mtu mmoja au wawili wanamshusha mgonjwa, na uzito wake mwenyewe unawasaidia. Lakini kwenye meli boti haziko chini, ziko katikati ya ubavu wa meli. Aliye juu anashuka kuzifuata, aliye chini anapanda. Kupanda na mtu mzima kwenye kiti ni kazi ya mabega, si ya mikanda. Sheria inataka ngazi za kutorokea zisiwe nyembamba kuliko sentimita 90. Sentimita 90 hazitoshi wanaume wawili waliovaa majaketi kusimama sambamba na kiti katikati yao. Lazima mmoja awe mbele na mwingine nyuma, wabadilishane kila kituo cha ngazi, na wajue nani anatoa amri. Kitu cha namna hiyo hujifunzi siku unapokihitaji.

Umeme wa dharura wenyewe una simulizi yake. Meli ya abiria lazima iwe na jenereta ya dharura ya kuhudumia mambo ya lazima kwa saa 36, na umeme wa dharura unatakiwa pia, kwa muda mfupi zaidi, uweze kuzifikisha lifti kwenye usawa wa sitaha ili waliomo watoke. Soma tena. Aliyeandika sheria alimkumbuka aliyekwama ndani ya lifti, akamsahau asiye na njia nyingine ila lifti.

Nifike kwenye kiti chenyewe. Kiti cha magurudumu cha umeme kinaweza kupita kilo 100 kikiwa kitupu. Hakuna atakayekibeba kwenye ngazi, na hakuna atakayekiweka ndani ya boti. Boti ya kuokolea imepimwa kwa watu wenye uzito wa wastani wa kilo 75, kila mmoja na nafasi ya sentimita 43 kwenye benchi, hadi watu 150 kwa kawaida, wote waingie ndani ya dakika kumi tangu waambiwe waingie. Kanuni za vifaa vya uokoaji zinataka kila boti iwe na namna ya kumwingiza mtu asiyejiweza, kutoka majini au kwenye machela. Kwa hiyo kuingia ataingia. Swali ni akishaingia atakaaje. Mtu ambaye mgongo wake haushiki bila egemeo la kiti chake, ambaye mto anaokalia ndio unaomkinga na vidonda, au ambaye mashine yake ya kupumulia hula umeme wa betri ya kiti, kwake benchi la plastiki lisilo na egemeo ni hatari nyingine. Huyu anahitaji kuambiwa mapema, faraghani, kwa maneno yasiyo na sukari: kiti chako kitabaki melini, sasa tukubaliane tutachukua nini na wewe. Kamba? Mto? Betri ndogo? Dawa za siku mbili?

Mazungumzo hayo ya robo saa ndiyo yangekuwa zoezi. Kimashine kinacholia ti si zoezi.

Tangu wakati wa korona utaratibu umebadilika zaidi. Kampuni nyingi zimeacha ule mkusanyiko wa zamani ambapo watu mia kadhaa walipangwa kwenye sitaha juani. Sasa abiria anatazama video kwenye simu au televisheni ya chumbani, kisha anapita mahali pake pa kukusanyikia kwa wakati wake na kuhesabiwa. Sitalaani kila kitu kwenye mtindo huu. Aliyeketi kwenye kiti hasongwi tena na umati wa watu waliosimama mbele yake, wala haungui jua akisubiri wenzake waliochelewa baa. Baharia anayempokea ana nafasi ya kuzungumza naye mtu kwa mtu, na baadhi yao hutumia nafasi hiyo vizuri. Lakini mtindo huu umeondoa hata kile kidogo kilichokuwapo. Zamani angalau aliona umati, akajua ngazi zinajaa kiasi gani, akajionea mwenyewe kwamba hapiti. Siku hizi anafika ukumbini saa saba mchana, pakavu, hakuna mtu, na anaondoka akiamini njia ni nyeupe.

Pia yapo mazoea ya kumhurumia. Wasafiri wenye ulemavu wamesimulia mara nyingi kuambiwa kwamba wasijisumbue, wakae chumbani, watafuatwa. Ni ukarimu, sikatai. Lakini ukarimu huo unamnyima mtu haki ya kujua nani atamfuata, kwa njia gani, na nani atakuja iwapo yule wa kwanza mwenyewe amezuiwa na moshi.

Kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2005, inaonyesha jambo hili si geni. Walalamikaji walikuwa watu wenye ulemavu na wenzao wa safari. Pamoja na malalamiko ya vizingiti na vyumba, walidai kwamba mipango na vifaa vya kuhama meli viliwekwa mahali ambapo wao hawawezi kufika. Mahakama iliamua kwamba sheria ya Marekani ya kulinda watu wenye ulemavu inaweza kuzigusa meli za bendera za kigeni zilizo kwenye maji ya Marekani, ingawa si kwa kila kitu, na hasa si pale inapogongana na usalama au mikataba ya kimataifa. Miaka ishirini imepita. Vizingiti vimepungua, vyumba vimepanuliwa, mabwawa ya kuogelea yamewekewa vyuma vya kumshusha mtu majini. Starehe imesonga mbele kuliko uokoaji, na sababu haihitaji darubini: chumba kipana huuzwa, ngazi ya dharura haiuzwi.

Ipo hoja ya hesabu nayo. Meli mpya haijengwi bila kukadiria itachukua muda gani kuhamisha watu wote, na kwa meli kubwa za abiria kikomo ni dakika 80. Mwongozo wa IMO wa hesabu hizo unakubali kwamba sehemu ya abiria waliopita miaka 50 wana shida ya kutembea, na unawapa mwendo wa polepole. Wa polepole, lakini mwendo. Katika hesabu hiyo mtu ni nukta inayosogea yenyewe, haraka au taratibu. Asiyesogea mwenyewe, ambaye ili apande sitaha nne anahitaji kuwaondoa mabaharia watatu au wanne kwenye kazi zao nyingine, hakai vizuri ndani ya hesabu ya namna hiyo.

Mwaka 1994 unatufundisha kwa uchungu. Tarehe 29 Aprili feri ya Mtongwe ilipinduka hapa kwetu, mita chache tu kutoka ufuoni, ikaua watu 272. Septemba 28 mwaka huohuo meli ya Estonia ilizama kwenye Bahari ya Baltiki na kuua watu 852. Waliookoka Estonia walikuwa 137, na sehemu kubwa yao ni wanaume vijana na wa makamo; waliopita miaka 55 walihesabika kwa vidole. Meli ilipolala ubavu, korido ziligeuka mashimo na ngazi zikageuka kuta, na aliyefika juu ni yule aliyeweza kujivuta kwa mikono. Hatukuwa na haja ya kwenda Baltiki kuyajua hayo, lakini takwimu za kule zinaliweka wazi: pasipo na mpango, nguvu za mwili ndizo zinazogawa nafasi.

Atakayenijibu kwamba Estonia ilizama ndani ya saa moja na hakuna mpango ungefua dafu, ana haki kiasi. Ila ajali nyingi za meli za kitalii haziendi hivyo. Huenda polepole. Viking Sky ilipozimikiwa na injini pwani ya Norway Machi 2019 ikiwa na watu 1,373, helikopta ziliwavuta abiria wapatao 479 mmoja mmoja, kutwa na usiku kucha, na wengi walikuwa wazee. Oceanos ilizama pwani ya Afrika Kusini Agosti 1991 na watu wote 571 waliokolewa, ingawa nahodha aliondoka abiria wakiwamo. Kwenye ajali za namna hiyo muda upo. Kinachokosekana ni watu wanaojua la kufanya na muda huo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni jingine. Ukiwaambia mabaharia wambebe bibi wa watu ngazini kwenye zoezi, anaweza kuanguka akavunjika nyonga kabla ajali yenyewe haijatokea. Baharia anaweza kuumia mgongo. Bima italipa nini? Na heshima ya mtu je? Wapo watu wenye ulemavu ambao hawako tayari kubebwa mbele ya umati ili wengine wajifunze, na nawaelewa kabisa. Mtu mzima hageuzwi furushi.

Jibu langu ni kwamba tumeelekeza zoezi kwa mtu asiye sahihi. Abiria hana kikubwa cha kujifunza kuhusu kubebwa. Wanaobeba ndio wenye la kujifunza. SOLAS inataka meli za abiria zifanye zoezi la mabaharia la kuhama meli na la moto kila wiki. Hapo ndipo pa kuzima lifti. Chukua baharia mwenye kilo tisini aliyejitolea, au mdoli wa uzito huo, mfunge kwenye kiti cha uokoaji sitaha ya chini kabisa yenye vyumba, funga milango ya moto, kisha waambie timu ya ngazi, yaani mabaharia waliopangiwa kuwasaidia abiria ngazini wakati wa dharura, wampandishe hadi boti huku mtu ameshika saa. Wafanye mara moja mchana na mara moja usiku. Timu iwe ileile iliyopangiwa vyumba hivyo, si mabaunsa waliochaguliwa ili picha ipendeze. Kwa abiria mwenyewe yatosha kiongozi wa timu kumtembelea chumbani siku ya kwanza, na hapo ndipo malezi ya pwani yana faida. Kijana wa Kisauni au Likoni amefundishwa tangu utotoni kumwamkia mkubwa kabla ya kumgusa. Hata akiyasema kwa Kiingereza, adabu ni ileile: Mama, shikamoo, mimi ndiye nitakayekuja kukuchukua, nikushike wapi? Naye atamwambia asimshike kwapani kwa sababu bega liliwahi kuteguka, amzungushie mkono mgongoni na mwingine chini ya magoti. Sentensi moja hiyo inaokoa dakika ambazo hakuna video itakayoziokoa.

Nimetaja vijana wa Kisauni kwa makusudi. Makubaliano ya serikali na kampuni ya meli ya MSC yamefungua nafasi za ajira kwenye meli za kitalii, na chuo cha Bandari Maritime Academy hapa Mombasa kinawaandaa mabaharia. Mkataba wa mafunzo ya mabaharia, STCW, unataka wanaofanya kazi kwenye meli za abiria wafundishwe kusimamia umati. Umati. Sioni sababu ya chuo chetu kusubiri Geneva au London, yaliko mashirika ya kimataifa, kukiambia kiongeze siku moja ya kufundisha kumbeba mtu mmoja asiyetembea. Wanaomiliki viti vya magurudumu hapa Mombasa wako tele, wanajua miili yao kuliko mkufunzi yeyote, na wangefundisha somo hilo vizuri kuliko kitabu. Baharia anayeingia kwenye usaili akiwa na ujuzi huo ana kitu ambacho mwenzake kutoka kwingine huenda hana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mabaharia wengi wameingia kazini bila kuketi hata dakika tano kwenye kiti cha magurudumu.

Mamlaka ya bahari nchini, KMA, nayo ina mkono mrefu kuliko inavyodhaniwa. Meli hizi hupeperusha bendera za Bahamas, Panama, Malta au Bermuda, na ndani yake sheria zetu hazina nguvu kubwa. Lakini Kenya ni mwanachama wa makubaliano ya nchi za Bahari ya Hindi ya kukagua meli za kigeni bandarini, na mkaguzi anayepanda meli hapa ana haki ya kuwataka mabaharia wamwonyeshe zoezi la moto au la kuhama meli. Anaweza pia kuomba orodha ya abiria wanaohitaji msaada, achague chumba kimoja kwenye orodha na kuuliza: nani anahusika na huyu, yuko wapi sasa hivi, kiti cha uokoaji kiko kabati gani? Wakihangaika kutafuta funguo za kabati, ameshapata jibu. Hahitaji sheria mpya wala bajeti kwa hilo.

Hata kabla ya kupanda, mkaguzi akisimama gatini ataona mengi. Bamvua la Kilindini hupandisha maji zaidi ya mita tatu, kwa hiyo daraja la kushukia lililokuwa karibu tambarare saa mbili asubuhi laweza kuwa mlima saa nane mchana, wakati wageni wanarudi kutoka Fort Jesus na jua limewachosha. Hapo utawaona mabaharia wanne wamekishika kiti, wawili mbele wawili nyuma, viatu vinateleza, mmoja anahesabu moja, mbili, tatu kwa lugha ambayo mwenzake haijui. Hilo ndilo zoezi la kweli, linafanyika kila bandari bila kuitwa zoezi na bila mtu kuandika chochote. Wanaolifanya ni watu wa mlangoni tu. Watu wa timu ya ngazi wakati huo wako jikoni wanakata vitunguu au wanatandika vitanda. Wangezungushwa zamu darajani, kila bandari ingewapa mafunzo ya bure.

Najua nitakachoulizwa, na ni haki niulizwe. Tutamkaguaje mgeni ilhali kivuko chetu cha Likoni kiko vile kilivyo? Kivuko kile hupitisha watu zaidi ya laki tatu kwa siku, kwa hesabu ambazo wasimamizi wake wamekuwa wakizitoa kwa miaka. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu huteremka ule mteremko akiwa ameshika breki kwa mikono miwili, katikati ya mikokoteni na watu wanaokimbilia feri, na akifika mlangoni hutegemea vijana wa kumsukuma: baba tulia, tumekushika. Wanamshika kweli, Mungu awabariki. Lakini feri ikipata hitilafu katikati ya mkondo, atavalishwa jaketi la kuokoa maisha na nani, na limewahi kumfaa? Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka kwenye feri ya MV Harambee, mama na mtoto wake wakafa, na ilichukua siku 13 kuwatoa. Kelele zilizofuata zilihusu milango ya feri na wapiga mbizi. Sikumbuki kusikia mtu akiuliza habari za wasioweza kusimama, ingawa Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inawapa haki ya kutumia usafiri wa umma.

Hakuna anayetarajia zoezi la abiria kwenye safari ya dakika kumi. Wala silitaki. Lakini wafanyakazi wa feri ni walewale kila siku, na Jumapili alfajiri kivuko huwa na nafuu ya watu. Feri moja iondolewe kwenye zamu kwa saa moja, ifungwe gatini, wanachama wa vyama vya watu wenye ulemavu vya Likoni na Mtongwe waalikwe na baiskeli zao, wafanyakazi wajifunze kuwavalisha majaketi wakiwa wameketi na kuwahamishia kwenye boti ya doria. Fundi wa majaketi awepo, aone yapi yanabana shingo na yapi yanamtoka mtu asiye na nguvu za mgongo. Na walioalikwa walipwe posho ya siku kama wakufunzi wengine wowote.